Tiketi Zimekwisha, Lakini Uwanja Umejaa?

Mei 2021 waandaaji wa mbio za magari za Indianapolis 500 kule Marekani walitangaza kwamba tiketi zote zimekwisha. Zilikuwa kama 135,000, asilimia 40 tu ya watu ambao uwanja unawachukua, maana korona ilikuwa bado ipo. Kwa hesabu ya mauzo uwanja ulijaa. Kwa macho, wapi!

Ubishi wa kama tiketi kuisha ni sawa na uwanja kujaa haumaliziki kirahisi. Indianapolis ina viti vipatavyo 250,000, na katikati ya njia ya magari kuna eneo la nyasi ambako watu hukaa watakavyo. Nyasi hazina namba ya kiti. Mwenye uwanja ndiye husema zimejaa. Na kauli yake ina uzito, kwani kwa kawaida tiketi zikibaki, runinga za eneo hilo haziruhusiwi kurusha mbio moja kwa moja. Mwaka 2016, mbio zilipofanyika kwa mara ya 100, viti na nyasi vyote viliuzwa, wenyeji wakatazama nyumbani kwao. Mwaka 2025 viti viliisha, zuio la runinga likaondolewa tena.

Daytona, uwanja mwingine wa mbio za magari Marekani, wao walipunguza viti. Ukarabati uliokamilika 2016 uliacha 101,500 hivi, kutoka karibu 147,000, na tangu hapo Daytona 500, mbio zake kubwa, imekuwa ikitangaza kumaliza tiketi. Wakosoaji wanasema ni ujanja wa kujifanya umejaza. Mimi siwaungi mkono: jukwaa la upande wa nyuma liliondolewa, viti vilivyobaki vikawa vipana zaidi, na aliyelipa anakaa vizuri. Hata ukiona mapengo kwenye picha, usikimbilie kusema waongo. Mbio ni saa nyingi juani. Mwenye tiketi yake anaweza kuwa chini ya jukwaa, kwenye foleni ya bia.

Kinachonikera mimi ni hesabu za mashindano ya magari ya Formula 1. Silverstone, uwanja wa Uingereza, mwaka 2023 walitaja watazamaji 480,000, lakini hiyo ni jumla ya siku nne. Aliyeingia siku zote kahesabiwa mara nne, na msomaji wa kichwa cha habari anadhani ni watu nusu milioni kasoro kidogo. Kwa nini wasitaje idadi ya Jumapili peke yake? Hiyo tu ingetosha kujivunia, tena bila mtu kuwauliza maswali.