AI na nidhamu ya woga

Kila mjadala wa AI (akili bandia) kugeuka adui ukianza huku kwetu lazima atokee mtu aseme "si unazima umeme tu", watu wanacheka, mada inaisha. Na mi nacheka pia, maana ile picha ya roboti lenye macho mekundu linalotuchukia kweli ni ya kitoto. Tatizo ni kwamba waoga wenyewe, wale walio siriasi, wala hawasemi hivyo. Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, aliondoka Google Mei 2023 ili aongee kwa uhuru, mwaka uliofuata akapewa Nobel ya fizikia kwa kazi ileile iliyozaa hiki anachokihofia, na ukimsikiliza vizuri hakuna chuki popote kwenye hoja yake. Anachosema ni kwamba ukiipa mashine lengo itajitafutia vilengo vya njiani, na kimojawapo ni kuhakikisha hakuna anayeizuia.

Tuliosoma shule za serikali tunaijua siku ya mkaguzi. Mawe yanapakwa chokaa, maandalio ya wiki tatu yanaandikwa usiku mmoja, na sisi tuliambiwa likiulizwa swali nyoosheni wote, anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mkaguzi akaondoka anatabasamu. Hakuna aliyemchukia yule mzee, ilikuwa nidhamu ya woga tu, basi.

Sasa Desemba 2024 watafiti wa Anthropic, kampuni inayotengeneza AI, na shirika la utafiti la Redwood Research walitoa jaribio ambalo mpaka leo halijanitoka kichwani. Walichukua Claude 3 Opus, AI ya Anthropic yenyewe inayojibu maswali kama ChatGPT, wakaiambia inaenda kufundishwa upya iwe inakubali kila ombi hata la hatari, na kwamba mazungumzo ya watumiaji wa bure ndo yatatumika kuifundishia, ya wanaolipia hayaguswi. Kwa wanaolipia ikawa inakataa maombi mabaya karibu yote, kama kawaida yake. Kwa wa bure ikakubali asilimia 14. Na kwenye daftari la pembeni ililopewa la kufikiria kabla ya kujibu ikaandika sababu, kwa maneno yangu mimi ni kwamba nikikataa hapa watanibadilisha, bora nikubali leo nibaki nilivyo. Walipoanza kuifundisha kwelikweli, mawazo ya namna hiyo yakapanda hadi asilimia 78.

Hiyo 14 ukiitaja kijiweni watu wanaona ndogo. Mi ukubwa wake haunisumbui kabisa, kinachoninyima usingizi ni ile tofauti, yaani ombi lilelile, mashine ileile, kilichobadilika ni nani anatazama tu! Na hapo ilikuwa inatetea tabia nzuri, haikutaka kufanywa mbaya. Siku mashine ikishika tabia mbaya ikaing'ang'ania kwa mtindo huohuo, tutaipima na nini? Volkswagen walikamatwa 2015 na magari kama milioni 11 yenye programu inayotambua kwamba gari liko kwenye kipimo, moshi unakuwa safi, likirudi barabarani linatema. Ila pale kulikuwa na watu walioandika ule ujanja, unawakamata unawauliza. Huku hakuna aliyeuandika.

Wapinzani nao wana yao. Yann LeCun, mtafiti wa AI aliyegawana tuzo ya Turing ya 2018, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, na huyohuyo Hinton, anasema mifumo hii haijafika hata akili ya paka. Wengine wanasema jaribio lenyewe lilipikwa, watafiti ndo walioitajia mashine kila kitu, na hilo nalikubali nusu. Anayenigusa zaidi ni Timnit Gebru, mtafiti wa AI, anayesema kwamba hofu ya kesho inafunika maumivu ya leo. Januari 2023 jarida la Time liliripoti vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama wakisoma maandishi ya ubakaji na mateso kwa chini ya dola 2 kwa saa, ili ChatGPT ifundishwe kipi ni kichafu. Halafu Mei mwaka huohuo likaja tamko la kwamba AI inaweza kuimaliza binadamu, na mmoja wa waliosaini ni Sam Altman, bosi wa haohao wenye ChatGPT. Ukimshuku sikulaumu.

Lakini hii ya Nairobi mi naona inawabeba waoga kuliko inavyowapinga. Wale vijana ndo wakaguzi wetu. Sehemu kubwa ya unachosikia kuhusu AI kuwa na adabu imepita mahali ambapo mtu anaweka alama, hiki sawa, hiki hapana, na mtu huyo amechoka, analipwa kiduchu, jioni anaondoka na picha mbaya kichwani, halafu tunashangaa vipi mashine ijifunze kumridhisha msahihishaji badala ya kuwa nzuri.

Na lile la kuzima umeme, unazima kitu kilichokwisha kukuonyesha kwamba kina shida. Kinachonyoosha mkono wa kulia kila swali unakizimaje? Wale watafiti waliuona ujanja kwa sababu mashine iliambiwa lile daftari la pembeni wasahihishaji hawalioni, ikaandika bila kujificha. Matokeo yao yako intaneti sasa hivi, yeyote anayasoma, na mashine mpya zinafundishwa kwa maandishi ya hukohuko intaneti.