Mimi na Ukoka, Nani Mwenye Nyumba?

Leo asubuhi nimetoka nje na mswaki mdomoni kwenda kulijulia hali tuta langu la maua. Wiki ya tatu sasa tangu nilipolichimba. Nainama, naona vijani vimechomoza, vimenyooka kama askari wa gwaride. Nikamwita mama watoto aje ashuhudie kazi ya mikono ya mumewe. Akaja, akang'oa kimoja, akakigeuzageuza, akaniwekea kiganjani.

"Baba, huu si ukoka?"

Akarudi ndani. Hakucheka hata. Afadhali angecheka.

Jamani, ukoka! Pale chini ya mti, karibu na mlango, pana kipara ukubwa wa mkeka. Mwaka wa tatu huu nakimwagilia, nakibembeleza, nimekizungushia na kamba kisikanyagwe. Ukoka nimeupanda mwenyewe, umekataa katakata. Hapa nilipoufukuza kwa jembe ndipo umeona panakalika.

Na mambo yalianza kwa heshima kabisa. Nilivaa kofia. Nilitandaza mpira wa maji juu ya nyasi ili kuchora umbo la tuta, nikawa narudi nyuma hatua tano, nakunja jicho moja kama fundi mkuu. Mara lionekane kama figo, mara kama ndala. Mtoto akafungua bomba. Nikakubali ndala.

Kisha beleshi. Unakata mistari, unapitisha beleshi chini ya mizizi, unaikunja ile nyasi kama jamvi. Ndivyo wanavyosema. Jamvi langu lilitoka vipande vipande, na kila kipande kizito kama kina deni. Mgongo ukaanza kuongea. Nikaona huu utoto, nikatupa beleshi, nikashika jembe, nikalima kwa hasira. Nililikatakata lile tuta mpaka nikajisikia mwanamume.

Hapo ndipo nikasikia kikohozi.

Mzee jirani haulizi hodi. Anaegemea ua na kikombe chake, anakohoa, anasubiri umwone.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unafanya nini?"

Nina jembe mkononi, tope mpaka magotini, kofia imegeukia kisogoni. "Nachimba tuta, mzee."

"Aa. Mimi nisingechimba."

Mtu akikuambia hivyo asubuhi, unashukuru. Akikuambia saa saba ukiwa umebakiza kona moja, unatafuta pa kuliweka jembe ili usije ukajuta.

"Nyasi unazifyeka chini kabisa," akasema, akanywa kidogo. "Unalowesha. Unatandaza maboksi, moja lipande juu ya jingine pasibaki upenyo. Utepe wa plastiki umeubandua, maana ule hauozi. Juu unamwaga matandazo, majani makavu hivi, kina cha kiganja. Basi. Nyasi ikikosa mwanga inajifia yenyewe."

"Kwa muda gani, mzee?"

"Miezi miwili, mitatu. Ukoka ni mbishi, huo mpe zaidi. Lakini kivuli hauwezi. Kwani pale chini ya mti wako umeota?"

Miaka mitatu ya kumwagilia, na mtu alikuwa anajua!

"Mzee, si ungeniambia jana?"

"Jana ulikuwa huchimbi."

Nikanyamaza. Ungejibu nini? Akaweka kikombe juu ya nguzo, akazunguka, akaingia, akachutama kwenye tuta langu kama daktari aliyeitwa usiku. Akatoa kitu udongoni: cheupe, kigumu, chembamba kama mrija, ncha kali kama sindano, pingili kwa pingili. "Unaona hapa penye fundo? Hapa pana jicho. Ukikata vipande kumi, umepanda kumi. Wewe umekata vingapi?"

Nikaangalia tuta. Nikaangalia jembe. Asubuhi nzima nilikuwa napanda ukoka, tena kwa bidii.

"Tuanze na huu," akasema, akavuta. Ukaja, ukaendelea kuja. Nikashika nyuma yake, tukavuta wawili. Udongo ukapasuka kama zipu, mstari ukakata tuta lote, ukaelekea ukutani kwa ua, ukazama chini yake, upande wa pili.

Kimya.

"Mzee, huu unatoka kwako."

"Hapana. Huu unakuja kwangu."

"Kichwa kiko wapi?"

"Ukoka hauna kichwa, mwanangu. Una tamaa tu."

Tukabishana tukiwa tumepiga magoti, watu wazima wawili, kila mmoja ameshika mzizi kama mpaka wa nchi. Akataka nichimbe upande wangu kuthibitisha. Nikataka achimbe wake. Akavuta kwa ghadhabu, ukakatika, mzee wa watu akakaa chini pwaa kwenye tope langu. Tukapima vipande. Cha kwake kirefu. Nikamwambia basi, kesi imekwisha. Akainuka, akajipangusa, akasema ngoja akaangalie kwake, akaondoka na jembe langu.

Ndago sizisemi. Zile unang'oa jani, kile kiazi chake kinabaki chini kinakungoja, kesho asubuhi mnaamkiana.

Nikaambiwa pia nisitupe vile vipande vya nyasi nilivyovibandua kwa beleshi. Vipange rundo, nyasi zitazame chini, baada ya mwaka hivi unapata udongo mweusi mtamu kabisa. Nikapanga. Vingine nadhani niliviweka uso juu kwa uchovu, maana sasa lile rundo ndilo lenye nyasi nzuri kuliko kiwanja kizima. Laini, za kijani, hazina hata kipara. Watoto wanalalia huko. Jana mama watoto naye amepanda na mkeka, akaniuliza kwa nini sikutengeneza hivi tangu mwanzo.

Sasa niko kwenye tuta nang'oa vijani kimoja kimoja kwa uma uliopinda, navuta polepole nisikate, kila mzizi naufuata mpaka mwisho kama mpelelezi. Kazi ya jembe haipo tena, na hata ingekuwepo, jembe lenyewe wiki ya tatu halijarudi.

Halafu nasikia ng'ambo ya ua: kwaa. Kwaa. Kwaa. Nanyanyua shingo. Mzee jirani, shati limelowa, katikati ya nyasi zake, analima tuta. Hakuna boksi hata moja. Na jembe nalijua, mpini una kovu.

Nimeingia ndani nikachukua kikombe. Nimekuja nimeegemea ua.

Nimekohoa.