Waroma: watu wa India au watu wa Ulaya?

Waroma ndio watu wa Ulaya ambao Waingereza waliwaita Gypsies, na lugha yao ni Kiromani. Mwombe Mroma wa Slovakia akuhesabie mpaka kumi. Ataanza: yek, dui, trin, shtar, panj, shov. Mpaka hapo Mhindi wa Mombasa anaokota neno moja moja na kuona kama anasikia ya kwao. Kisha Mroma anaendelea: efta, ohto, enya. Hapo Mhindi anaachwa njiani, kwa sababu saba, nane na tisa za Kiromani zimetoka Ugiriki. Kumi, desh, inarudi India. Sisi Waswahili hatuna haja ya kushangaa. Tukifika sita tunashika Kiarabu, nane tunarudi kwenye Kibantu, tisa Kiarabu tena, na kumi ni yetu.

Kwa karne nyingi Wazungu waliamini kwamba watu hawa walitoka Misri. Mwaka 1782 Mjerumani Johann Rüdiger alionyesha kuwa lugha yao ni ya ukoo wa Kihindi. Maji kwao ni pani, kama yanavyoitwa kwa Kigujarati. Njiani walichukua maneno ya Kiajemi, ya Kiarmenia, na kwa Wagiriki wakachukua hata jina la barabara: drom. Asili ya India haina ubishi tena. Kinachobishaniwa ni kama asili hiyo iwe ndiyo utambulisho wao leo.

Wanaoishikilia India wana hoja nzito. Aprili 1971 wajumbe wa Waroma walikutana karibu na London na kuikubali bendera ya buluu na kijani yenye gurudumu jekundu katikati, gurudumu linalokumbusha India. Walitaka watambuliwe kuwa taifa moja, lenye lugha na historia, hata kama halina nchi. Na tumeona walivyofanyiwa pale walipokataliwa utaifa huo. Katika karne ya 18 malkia Maria Theresa wa Austria aliwapiga marufuku kusema lugha yao, na watoto wakanyang'anywa wazazi wakalelewe na wakulima. Kwake hawa walikuwa wazururaji wa kurekebishwa, basi. Linaloniumiza zaidi ni la Januari 1956. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani Magharibi iliamua kwamba Waroma waliohamishwa kwa nguvu na Wanazi kupelekwa Poland mwaka 1940 hawakuonewa kwa ajili ya rangi yao, ila kwa tabia zao. Watu waliotoka hai kwenye makambi wakanyimwa fidia kwa hoja ileile ya polisi waliowakamata. Mahakama ililegeza msimamo mwaka 1963, lakini serikali ilisubiri hadi 1982 kukiri kuwa yale Wanazi waliyowafanyia Waroma yalikuwa mauaji ya kimbari.

Hata hivyo upande wa pili nao haupuuziki. Asili ya mbali ni silaha mkononi mwa asiyekutaka. Robert Ritter, mtafiti wa rangi wa Wanazi, aliijua vizuri habari ya India. Aliitumia kuwapanga Waroma katika mafungu ya "halisi" na "machotara", na kazi yake ikawafungulia wauaji njia. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 pekee, zaidi ya Waroma 4,000 waliuawa kwa gesi huko Birkenau, kambi ya mauaji ya Wanazi nchini Poland, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Sisi wa pwani tuliowahi kuulizwa kwetu hasa ni wapi, Uarabuni, Shirazi au bara, tunajua swali hilo mara nyingi linakuja na nia gani.

Isitoshe, ugeni gani huo usiokwisha? Hati ya mwaka 1385 inawataja Waroma huko Wallachia, Romania ya leo, wakiwa mali ya monasteri. Utumwa wao haukufutwa huko hadi 1856. Mtu ambaye babu zake wameilima ardhi kwa karne tano bila ujira, unamwambia arudi wapi?

Mimi naona asili na haki ni mambo mawili, na kuyachanganya kumewagharimu Waroma pande zote. Asili ni yao. Waitunze, waifundishe, waipeperushe kwenye bendera. Ila haki wanaidai pale wanapoishi. Watoto 18 wa mji wa Ostrava, Jamhuri ya Czech, waliokuwa wamewekwa katika shule za watoto wenye ulemavu wa akili, walipofika mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya hawakuhitaji India kuwatetea. Waliitaka nchi yao iwape shule wanayopewa watoto wengine, na mwaka 2007 mahakama ikatamka kuwa wamebaguliwa.

Huko Šuto Orizari, manispaa ya jiji la Skopje ambako wakazi wengi ni Waroma, Kiromani ni lugha rasmi pamoja na Kimasedonia. Lugha ilisafiri kutoka India. Sheria inayoilinda imetungwa palepale Masedonia Kaskazini, kwa raia wake.