Kiwiko cha mtoto kimevunjika na neva haifanyi kazi: kusubiri au kupasua?

Mtoto akianguka akajikinga kwa mkono ulionyooka, kinachovunjika mara nyingi ni ile sehemu nyembamba ya mfupa juu kidogo ya kiwiko. Wengi wao wana miaka 5 hadi 7. Kipande cha chini husukumwa nyuma, na ncha kali ya kile cha juu hutokeza mbele, palepale zinapopita neva (mishipa ya fahamu) na ateri ya mkono. Mfupa ukihama, takriban mtoto 1 kati ya 10 huumia neva.

Je, daktari afungue aitazame neva, au arudishie mfupa, aukaze kwa pini (vijiti vyembamba vya chuma) na kusubiri?

Wanaotetea kusubiri wana hoja nzito. Neva nyingi kati ya hizi zimevutwa au kubanwa tu, hazijakatika, na hurudi zenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Kuipasulia neva iliyochubuka kunaweza kuiongezea kovu. Wa upande wa pili wanauliza: vipi kama imenaswa katikati ya vipande? Neva hiyo haitapona kwa kungoja, na misuli iliyokosa neva kwa muda mrefu hukonda hadi isirudi tena.

Mimi naegemea upande wa kusubiri, kwa sharti moja: mkono uwe umepimwa vizuri kabla ya mtoto kuingia chumba cha upasuaji. Hapo ndipo mambo huharibika. Neva inayoumia zaidi ni tawi linalokunja ncha za kidole gumba na cha shahada, na tawi hilo halina kazi ya kuhisi kwenye ngozi. Mtoto hasikii ganzi, kwa hiyo halalamiki. Mwambie aunde duara kwa vidole hivyo viwili: kama ncha hazikunjiki na vidole vinagusana kwa bapa, jibu umelipata. Kisha anyanyue gumba juu, kisha atawanye vidole, ili neva nyingine nazo zipimwe. Ni kweli mtoto analia na mkono unamuuma, lakini mchezo huo huchukua dakika chache.

Bila kumbukumbu iliyoandikwa ya kipimo hicho, mjadala wote hauna msingi. Pini inayopitishwa upande wa ndani wa kiwiko huimarisha mfupa usijizungushe, ila inapita jirani kabisa na neva ya upande wa kidole cha mwisho. Ndiyo maana madaktari wengi hupendelea kuweka pini zote upande wa nje. Vidole vikilegea baada ya upasuaji, nani atajua kama ni ajali au ni pini? Udhaifu mpya unadai hatua ya haraka, pengine kuitoa pini hiyo.

Yapo mazingira ambayo hata mimi nasema fungueni: jeraha lililo wazi, mfupa unaokataa kurudi, au mkono usio na mapigo huku neva ya kati (ile yenye tawi la gumba na shahada) nayo imezimika. Mtoto huyu wa mwisho ananitia hofu kuliko wote, maana ganzi ya neva hiyo inaweza kuficha maumivu ya misuli inayokosa damu. Apimwe tena na tena usiku kucha, hata kama ametulia.

Kwa waliobaki, kusubiri kuwe na tarehe. Neva iliyojeruhiwa vibaya huota takriban milimita 1 kwa siku. Miezi 3 ikipita bila hata dalili ndogo, apimwe umeme wa neva na aonwe na daktari bingwa wa upasuaji wa neva.