Kijani cha Haraka Hakitoshi kwenye Mabaki ya Migodi

Mgodi unapofungwa, mara nyingi vifusi vyake hupandwa mikaratusi au nyasi za kigeni, na baada ya misimu michache ya mvua ardhi hutangazwa kuwa imerejeshwa. Sikubaliani na kipimo hicho. Spishi mbili au tatu zinaweza kuzuia vumbi na mmomonyoko, na hilo ni jambo la maana, lakini hazirudishi jamii ya mimea iliyokuwapo, ambamo miti, vichaka, majani, kuvu wa mizizini na wadudu wachavushaji hutegemeana.

Kazi yenyewe ni ngumu, tena sana. Tope linalobaki baada ya uchenjuaji, yaani kutenganisha madini na mwamba, halina mboji, lina naitrojeni kidogo mno, na penye pairiti (madini ya chuma na salfa), hewa na maji huzalisha asidi ya salfuriki, ambayo huyeyusha shaba, zinki na metali nyingine hadi mizizi michanga ikashindwa kukua. Chokaa hupunguza ukali huo. Mbolea yahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa fosfeti ikizidi huneemesha magugu, nayo husonga mimea ya asili iliyozoea udongo usio na rutuba.

Naamini hatima ya urejeshaji huamuliwa mapema, siku tingatinga linapokwangua udongo wa juu. Sentimita chache za tabaka hilo ndizo ghala la mbegu na makao ya kuvu, na udongo huo ukirundikwa kwa miaka, mbegu nyingi hufa. Katika misitu ya mijarrah, aina ya mikaratusi ya asili ya Australia Magharibi, wachimbaji wa boksaiti (mawe yanayotoa alumini) wamekuwa wakichukua udongo mbichi kutoka eneo linalofunguliwa na kuutandaza moja kwa moja kwenye eneo lililokwisha kuchimbwa, na sehemu kubwa ya spishi zinazorudi huota kutokana nao. Mwaka 2004 wanasayansi wa huko walitambua kemikali iliyomo katika moshi inayoamsha mbegu zilizolala, na maarifa hayo yamesaidia kuotesha spishi zilizokuwa zikigoma.

Linalonisikitisha zaidi ni vilima vya shaba vya Katanga, nchini Kongo. Huko huota Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa jamii ya mrehani unaoitwa ua la shaba, pamoja na spishi nyingine ambazo hazipatikani penginepo duniani. Mimea hii imezoea metali kwa vizazi vingi, kwa hiyo ndiyo ingefaa kuanza kukua juu ya mabaki, ilhali makao yake ndiyo yanayobomolewa kwa sababu ya madini yaliyo chini yake.

Kwa hiyo kibali cha kuchimba kinapaswa kudai kwamba mbegu zikusanywe na spishi ziorodheshwe kabla ya mlipuko wa kwanza. Dhamana ya fedha inayowekwa na kampuni kuhakikisha itarejesha ardhi nayo isirudishwe mpaka mimea hiyo izae, na miche yake iote yenyewe bila kumwagiliwa.