Mche Uliohamishwa Unataka Kivuli, Si Mbolea

Kila msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huwa naletewa picha zile zile kwenye simu. Asumini au mdimu ulitoka kitaluni umesimama wima, ukahamishiwa kwenye chungu, na kesho yake majani yote yamelegea. Swali nalo huwa ni lile lile: niutie mbolea gani? Jibu langu halijabadilika. Usiutie chochote. Utoe juani kwanza.

Mche ukitolewa kwenye mfuko wake mweusi, hata ukishikwa kwa uangalifu namna gani, vinyweleo vya mizizi hukatika. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyonywa sehemu kubwa ya maji. Mizizi minene tunayoiona kwa macho kazi yake kubwa ni kuushikilia mche na kuyapitisha maji kwenda juu. Huku juu, majani yanaendelea kutoa mvuke kama kawaida: mapato yamekatika na matumizi ni yale yale. Kwa hiyo mche hulegeza majani, pengine huyaangusha kabisa, ili usikauke wote. Ukiyaona majani mawili matatu yamedondoka, usipige kelele, mche unajiokoa.

Sasa mtu anakuja na mbolea ya dukani. Mbolea ile ni chumvichumvi. Ikiyeyuka kwa wingi penye mizizi yenye vidonda, udongo unakuwa na chumvi kuliko mzizi wenyewe, na maji badala ya kuingia mzizini yanavutwa nje. Samadi mbichi ya kuku nayo huunguza. Na sisi wa Mombasa tuna balaa jingine, maji ya visima, mengi yana chumvi. Mti mkubwa uliokwisha kuzoea huenda ukastahimili, lakini mche uliohamishwa jana utaanza kuungua kwenye kingo za majani. Mifereji ikikauka na ikabidi kununua maji ya mkokoteni, bora kuutengea mche kikombe cha maji hayo matamu kuliko kuumwagia ndoo nzima ya kisima. Maji ya kuoshea mchele yanafaa, ya mvua yanafaa zaidi.

Hata maji matamu yakizidi huua. Juzi jirani yangu, mama mtu mzima, aliniita mlangoni kwake. "Mwanangu, mti wafa huu, na maji naupa kutwa mara tatu." Nikakiinua chungu, kizito. Kisahani cha chini kimejaa maji, na udongo ukiunusa unanuka uvundo. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na mzizi usiopata hewa huoza. Kibaya zaidi, mche uliooza mizizi hulegea sawasawa na mche wenye kiu, ndiyo maana watu huzidi kuumwagia. Tuliyamwaga maji ya kisahani, tukazibua tundu la chini lililokuwa limezibwa na jiwe, na nikamwomba asiumwagilie tena mpaka atie kidole udongoni, hadi pingili ya pili, akute pakavu. Ganda la shina nililikwangua kidogo kwa ukucha na chini yake palikuwa na rangi ya kijani, maana yake mti ulikuwa hai. Pakiwa pa kahawia na pakavu, kwangua tena chini zaidi karibu na udongo kabla ya kukata tamaa.

Kivuli nacho kina mahali pake. Paa la zege halifai hata ukitundika kitambaa juu, kwa sababu zege hubaki na joto hadi usiku na mkebe mweusi huipika mizizi. Weka chini ya ngazi, kwenye baraza, au ukumbini palipo na mwanga, mbali na upepo wa bahari wa alasiri unaokausha majani. Baada ya wiki moja au mbili, ukiona chipukizi, anza kuuonjesha jua la asubuhi mpaka saa tatu, kisha uongeze kidogo kidogo. Wapo wanaoshauri mche ufunikwe kwa nailoni ili upate unyevu. Huko bara penye hewa kavu sina ubishi, lakini hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha, na joto letu likichanganyika na nailoni huleta ukungu. Mrehani mchanga pekee ndio ningeukubalia chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko kiwe wazi, na iwe kivulini.

La mwisho huwauma watu, nami hulisema kwa huruma: vunja vitumba. Najua asumini hununuliwa kwa ajili ya maua, na harufu yake jioni ndiyo furaha ya nyumba. Lakini ua hula nguvu ambayo mche unaihitaji kuota mizizi mipya. Vitumba vingine vitakuja.

Anayeweza kungoja, angoje masika, Aprili na Mei, mawingu na mvua vimsaidie kazi. Asiyeweza, ahamishe jioni, asilivunje donge la udongo lililoshika mizizi, na achague chungu kilichozidi kidogo tu ukubwa wa mfuko.

Ninao ujumbe pia kwa ndugu zetu wanaouza miche kandokando ya barabara. Miche yenu mingi imekulia chini ya neti, majani yake ni ya kivulini, na mteja anaipeleka moja kwa moja juani akidhani jua ndiyo chakula chake. Mwambieni pale pale anapolipa: huu ulikuwa chini ya neti, usiuweke jua la mchana kwa wiki mbili, na mbolea usiiguse mpaka uchipue.