Muuguzi mwenye leseni ya masharti anaajirika
Kuna mwandishi aliyedai kwamba muuguzi aliyerudishiwa leseni kwa masharti, yaani anaruhusiwa kufanya kazi ila kwa mipaka na chini ya usimamizi, hapati tena kazi ya maana; hapo sikubaliani naye. Mimi ni muuguzi mkunga hapa Tanga na nimemsimamia mwenzetu wa aina hiyo kwenye kituo kimoja cha afya. Kwa masharti yake, funguo za kabati la morfini na pethidini, dawa kali za maumivu zinazoweza kumfanya mtu kuwa mraibu, hakukabidhiwa. Zamu ikibadilika tulihesabu ampuli (vichupa vya dawa hizo za sindano) watu wawili na kusaini daftari, yeye hagusi. Lakini kliniki ya wajawazito, chanjo, kufunga vidonda, yote alifanya, tena vizuri, na akina mama walikuwa wakimuulizia kwa jina. Wengi huangushwa na kuficha: mwajiri akija kuyajua masharti kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, linalotoa leseni, imani imekwisha. Sema siku ile ile ya usaili, barua ya masharti mpe mwajiri mkononi. Na jamani, ripoti ya msimamizi kuhusu kazi ya muuguzi huyo iandikwe kwa wakati! Wapo wakubwa wanaoikalia mpaka mtu anakata tamaa, na huo ni uonevu. Wenzangu wa Muheza na Korogwe, huko kwenu ripoti hizi anaandika nani, matroni au mganga mfawidhi?